Bibi Yake Mwadini

Stechford, Birmingham
14 Januari 2024

Mpendwa Shangazi Ladan,

Pokea salamu zetu sote. Sisi ni wazima, ila goti la Baba linamsumbua kwa sababu ya baridi. Wewe u hali gani huko Isiolo? Wanafunzi wako wamefungua shule? Ile barua ya Desemba uliyonirudishia imejaa kalamu nyekundu nimeinakili upya, kama ulivyoniagiza. Hii nayo naiandika kwa mkono, kisha nitaipiga picha na kukutumia kwa simu.

Shangazi, Barwako ameposwa.

Kijana anaitwa Mwadini, mtu wa Pemba, fundi wa lifti. Walijuana katika duka la dawa la Kingstanding anakofanya kazi dada. Alikuja kununua dawa ya kikohozi mara tatu, na mara ya tatu Barwako akamwambia kwamba mtu asiyekohoa hauziwi tena. Tangu hapo wanazungumza, mchana na mbele za watu, usiwe na wasiwasi.

Jana alikuja rasmi kwa Baba. Hana ndugu hapa, kwa hiyo aliandamana na mwenye nyumba wake wa Aston, Mzee Chhotubhai, Mhindi aliyezaliwa Kampala. Mzee alikuwa amevaa tai, akatangaza mlangoni kwamba leo yeye ndiye baba. Baba alijizuia kucheka, na nikaona amempenda. Barwako alikuwa amepelekwa kwa jirani, kwa maana Baba anasema msichana hakai nyumbani siku anayozungumzwa.

Mimi nilileta chai. Baba alimwuliza kijana ana nani kwao. Nanukuu, kama ulivyonifundisha: “Sina mtu kule ila bibi. Na siwezi kumtupa, mzee. Mke wangu atalijua hilo tangu siku ya kwanza.”

Baba akamwongezea chai ambayo hakuiomba. Wageni walipoondoka akaniambia, “Ana bibi, na anasema waziwazi.” Hajamwambia Barwako. Anataka kusikia kutoka kwako kwanza, nawe unajua neno lako lina uzito gani hapa. Dada amenunua kitambaa cha rangi ya zabibu na kila jioni ananiuliza kama kinamfaa. Kinamfaa sana. Tafadhali jibu upesi.

Mpwa wako,
Hibo


Isiolo
20 Januari 2024

Hibo mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, namshukuru Mungu, na shule imefunguliwa kwa fujo yake ya kila mwaka. Picha zako zimefika. Mwandiko umetulia sasa. Umeandika vizuri, ila uangalie unavyoweka mkato mahali pa nukta.

Kuhusu hilo jingine. Mtu ameketi kwenye kiti cha kaka yangu, amekunywa chai yake, akasema ana bibi na hamwachi. Angalau si mwongo. Lakini Barwako hataingia uke wenza, tena kwa mtu wa kisiwani tusiyemjua ukoo, aliyekosa hata mzee wa kumsemea akaazima Mhindi.

Nimempigia baba yako. Mtu aliyekuja kwa heshima hafukuzwi. Ataambiwa Barwako bado anasoma. Anayekataa haelezi na aliyekataliwa haulizi, ndiyo adabu. Barwako mwambie wewe, kwa upole, maana wewe anakusikiliza.

Shangazi yako,
Ladan


Stechford
11 Februari 2024

Mpendwa Shangazi,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema. Hapa ni mvua na mitihani ya majaribio. Goti la Baba ni lilelile.

Nimefanya ulivyosema. Nilimwambia Barwako kwamba kijana amekiri mwenyewe, mbele ya Baba, kuwa ana mke Pemba. Aliniuliza kwa Kiingereza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba nilikuwa palepale nimeshika sinia. Akasema, “Baba ameambiwa. Mimi sikuambiwa.” Akaifuta namba ya Mwadini mbele ya macho yangu. Nilimshauri amwulize japo mara moja. Akasema hawezi kumwuliza mwanamume kama ana mke, kwamba swali lenyewe ni aibu.

Mzee Chhotubhai alirudi kupokea jibu. Baba alipomwambia kwamba Barwako bado anasoma, mzee aliuliza anasoma nini, maana yeye humwona akiuza dawa kutwa nzima. Baba akasema, “Vitabu.” Mzee alimtazama, akafunga vifungo vya koti lake vyote, akaaga kwa adabu kubwa.

Mwadini alikuja dukani siku moja. Barwako alikaa nyuma ya rafu mpaka akaondoka. Mwenzake alimuuzia dawa ya kikohozi.

Kitambaa amenipa mimi nishone gauni. Sijakishona bado, kwa sababu labda atakitaka.

Mpwa wako,
Hibo


Stechford
9 Juni 2024

Mpendwa Shangazi,

Unisamehe kwa kimya cha miezi hii, mitihani ilinimeza. Vipi kifua chako? Baba alisema ulikuwa na homa. Tunakuombea.

Leo nina habari, na naandika haraka, kwa hiyo usiutazame mwandiko.

Ijumaa baada ya swala msikitini walitangaza kwamba Mwadini amefiwa na bibi yake. Baba alirudi nyumbani amehuzunika kweli. Alisema masikini, kijana bado mdogo na tayari ni mjane, na ingawa hatukukubaliana, msiba hauna ugomvi. Nikapika wali, tukaenda Aston mimi na yeye. Barwako alikuwa kazini.

Chumba kilijaa. Mwadini alikuwa ameketi sakafuni na Mzee Chhotubhai yuko kando yake. Baba alimshika mkono, akampa pole kwa maneno mazuri, halafu akamfariji kama wafarijiwavyo wajane: “Subiri tu, mwanangu. Wewe kijana, Mungu atakupa mwingine.”

Mwadini alimtazama Baba kama mtu asiyesikia vizuri. Akasema, “Bibi hapatikani mwingine, mzee. Mama yangu alikufa akinizaa. Huyu ndiye aliyeninyonyesha maziwa ya mbuzi.”

Watu wa Zanzibar waliokuwa pale wakaendelea na dua zao, maana kwao hakuna la ajabu lililosemwa. Ni sisi wawili tu tulioelewa. Baba aliuliza marehemu alikuwa na miaka mingapi. Akaambiwa themanini na kitu, hakuna aliyeandika. Shangazi, Baba hakuweza kusimama, na halikuwa goti.

Ni bibi mzaa mama. Hakuna mke, hajawahi kuwapo. Kwetu Kenya bibi ni mke, kwao bibi ni nyanya, na katika kamusi uliyonipa siku naondoka Nairobi maana zote zipo. Tena alituwekea maneno mawili katika pumzi moja, bibi na mke, nami nikakunukulia bila kukosea.

Bado hatujamwambia Barwako. Baba anasema tungoje neno lako. Naomba uliandike, Shangazi. Sentensi moja inatosha, kwamba lilikosewa neno na sasa njia iko wazi. Baba yuko tayari kwenda Aston mwenyewe, naona hivyo, anakosa tu wa kumruhusu. Nakungoja.

Mpwa wako,
Hibo


Isiolo
30 Juni 2024

Hibo,

Homa imepungua, asante kwa dua.

Nimeirudisha barua yako ikiwa na alama. Umeandika “masikini”, andika “maskini”. Kuhusu “bibi”, uchunguzi wako ni sahihi, na neno hilo lina historia ndefu ambayo siku moja nitakufundisha. Kila lahaja ina haki yake.

Lakini usichanganye mambo. Neno lilikosewa. Jibu halikukosewa. Sikulia niliposikia ana mke, na baba yako ukimwuliza vizuri hakulia pia. Kijana yule si wetu. Angekuja bila bibi wala nyanya, ningetafuta jingine la kusema. Nakuandikia hivi kwa kuwa umekua, na sipendi nikufiche.

Dayib, mtoto wa binamu yetu wa Uholanzi, anahamia Birmingham mwezi wa nane. Ni mtaratibu na ukoo wake tunaujua mpaka babu wa saba. Nimeshazungumza na baba yako. Mwandae dada yako.

Shangazi yako,
Ladan


Stechford
14 Julai 2024

Shangazi,

Nimefurahi kwamba homa imepungua.

Nilimsomea Barwako barua yako yote, hata alama nyekundu. Sikupewa ruhusa. Aliisikiliza huku akikunja nguo, kisha akavaa viatu, nikamfuata mpaka Aston.

Mwadini alikuwa akifunga mizigo. Barwako alimpa pole ya bibi, akamweleza lile neno. Yeye akasema, “Nilipoambiwa bado unasoma, nilijua mimi si wenu. Hilo nililibeba. Ila uliambiwa nina mke, ukaamini, hukuniuliza.”

Barwako akamwambia, “Na wewe hukuniuliza ninasoma nini.”

Wakacheka kidogo wote wawili, nami nikadhani sasa imekwisha, sasa itakuwa kama zamani. Haikuwa. Mwadini alisema nyumba ya bibi haina mtu, na kwamba tiketi yake ni ya kwenda tu. Mzee Chhotubhai alitupa peremende za njiani kama watoto. Kwenye treni Barwako alinishika mkono mpaka Stechford.

Jana usiku, tukiwa mezani tunakula, Baba alimtajia Dayib. Leo amekupigia, nimemsikia, akisema Barwako amenyamaza, na msichana akinyamaza ameridhia. Nilikuwa nimeketi ubavuni kwa dada yangu, Shangazi. Hakunyamaza. Alisema kwa Kiingereza, taratibu, mara mbili, akimtazama Baba, na Baba akaomba chumvi.

Kwa hiyo nakuandikia mimi, kwa Kiswahili ulichonifundisha, ili pasiwe na wa kusema hakuelewa. Dada yangu amesema hapana. Nimelitafuta neno hilo kwenye kamusi. Lina maana moja tu.

Mpwa wako,
Hibo