Rubani Wetu Husubiri Watu

3 Machi

Dada, shikamoo.

Natumaini pasi za hiyo nyumba ya wageni hazijakuunguza tena mikono. Mimi hali yangu ni ya kusukuma siku. Juzi dukani nilimchanganyia mteja rangi ya ukuta ya kijani, akaniambia, "Mimi nimeomba bluu." Bosi amenipa likizo.

Daktari amesema uvimbe ulio nyuma ya jicho si wa kuchezea. Nitapasuliwa Jumatatu tarehe 20, asubuhi. Dada, naogopa. Wewe ndiye uliyenilea. Kama sitaamka, uso wa mwisho kuuona nataka uwe wako.

Safari nimeiulizia. Unapanda ndege ndogo hapo kisiwani mpaka bara, unashuka, unachukua mzigo wako mwenyewe, halafu unapanda ndege kubwa ya jioni kuja huku juu. Ndege ndogo ni Ijumaa na Jumapili tu. Njoo Ijumaa. Ulete na sweta, baridi ya huku milimani haina adabu.

Mdogo wako

10 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Barua yako nimeanza kuisoma nimesimama, nimemaliza nimekaa sakafuni. Shuka la mgeni limeungua mezani, bosi kapiga kelele, nimemwacha apige.

Habari za uso wa mwisho uzikome kabisa! Unanisikia?

Nakuja. Lakini ndege, mwenzangu! Mimi nikipanda kistuli kutundika mapazia tu nashikwa na kizunguzungu. Nimekata tiketi ya Jumapili. Nyumba imejaa wageni mpaka Jumamosi, na kusema kweli, siku mbili zaidi za kumwomba Mungu nikiwa ardhini si haba. Habari ya kuunganisha ndege isikutie presha. Rubani wetu husubiri watu. Juzi alimsubiri mkunga amalize chai yake. Na hao wa ndege kubwa ni binadamu, watanisubiri.

Dada yako

15 Machi

Shikamoo dada, hujambo na kazi? Barua haitawahi, kwa hiyo natuma kwenye simu ya bosi wako. Ndege kubwa haimsubiri mtu. Haikujui, dada. Hata uwe umesimama hapo hapo, wanafunga mlango. Badilisha tiketi, nakuomba. Njoo Ijumaa; ukiachwa, lala bara hata kwenye benchi. Usiku naota nakuita na huitiki.

Mdogo wako

17 Machi

Marahaba mwanangu, umeamkaje? Ijumaa ndiyo hii, na ndege nimeiona ikipaa nikiwa uani naanika mashuka. Tiketi walikubali kubadilisha. Ni miguu iliyokataa. Usinichukie. Jumapili nitapanda hata kwa kufungwa kamba.

Dada yako

19 Machi, jioni

Mdogo wangu, hujambo? Niambie kwanza hujambo. Bosi kaniazima simu yake. Niko bara, na ndege kubwa imeniacha.

Tulikuwa tumeshakaa, mikanda tumefunga, mimi nimefumba macho. Mzee wa posta akasema kasahau meno yake ya bandia nyumbani. Watu wakacheka, rubani akazima injini. Na mimi, mimi mwenyewe, nikapaza sauti: "Jamani, msubirini! Bila meno atakulaje huko aendako?" Akaenda kwa baiskeli, akarudi kwa baiskeli.

Nilipofika hapa nilikimbia na mzigo kichwani. Ndege nikaiona dirishani, imesimama, haijaondoka! Binti wa kaunta akasema mlango umeshafungwa. Nikamwambia basi niende nikapige hodi. Akanitazama kama mwendawazimu. Nimelia mbele za watu.

Wamenipa ya kesho asubuhi, inafika huko mchana. Waombe madaktari wanisubiri. Waambie dada yako yuko njiani.

Dada yako

20 Machi, asubuhi

Dada, shikamoo. Umelala salama hapo uwanjani?

Nimewaomba. Daktari ni mpole, lakini wagonjwa wamepanga foleni na chumba ni kimoja. Ni sasa, au mwezi wa sita, na mwezi wa sita ni mbali kwa jicho langu. Habari ya meno nimemsomea nesi, amecheka mpaka kalamu imemdondoka. Nami nikacheka. Herufi naziona mbili mbili.

Sikuchukii. Ningekuwa kwenye ile ndege, mimi pia ningesema asubiriwe.

Wananiita. Simu namwachia nesi. Naogopa, dada.

Mdogo wako

20 Machi, mchana

Mdogo wangu, marahaba, marahaba.

Nimefika. Kule juu sikufumba macho hata kidogo, nilikuwa natafuta mji wako. Sweta ninalo, nimelivaa.

Wanasema uko ndani. Simu yako iko mezani kwa nesi, naisikia ikilia kila nikituma ujumbe. Kaniambia nikapumzike nje, wamechukua muda mrefu kuliko walivyodhani. Nimemwambia kwetu mtu husubiriwa.

Nimekaa hapa hapa mlangoni, mzigo mapajani. Chelewa, mwanangu. Chelewa utakavyo, lakini utoke.

Dada yako