Funga-Mdomo Amefunguliwa Mdomo

Chumba cha juu, nyuma ya kiwanda cha dobi
Jumapili, baada ya mvua

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na wajukuu, kikohozi kimewaachia? Sisi huku wazima. Ila nina furaha mbaya, nayo nakumwagia wewe kwa sababu hutanihubiria.

Unamkumbuka msimamizi wetu, yule tuliyembandika jina Funga-Mdomo? Mwaka jana Mama Pacha, mwenzangu wa kupiga pasi, alimwambia mbele yetu sote kwamba mashine yake inavujisha mvuke. Akajibiwa, "Hapa niliajiri mikono, sikuajiri midomo." Kesho yake mvuke ukamuunguza mkono. Funga-Mdomo akamwambia mwenye kiwanda kwamba mama wa watu ni mzembe. Nilipombishia, akanihamishia kwenye kuloweka mashuka, nikakaa humo hadi kucha zikaoza.

Watu wakawa wanaacha kazi mmoja mmoja, hoteli nazo zikapeleka mashuka kwingine. Mwenye kiwanda akashtuka, akatuita. Tulitapika yote! Akanipa mimi usimamizi, akaniuliza kama amfukuze Funga-Mdomo. Nikasema abaki, apige pasi. Kumfukuza kungekuwa kumpa likizo.

Sasa kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, tunasimama pamoja na kila mtu anasema kinachomkwaza. Naye Funga-Mdomo yumo. Mama Pacha aliporudi kutoka kuuguza mkono, vidole havijanyooka vizuri, alimuuliza, "Nilipokuambia habari ya mvuke, ulinijibu nini?"

Akaguna. Nikamwambia, "Sema kwa sauti, wa nyuma hawasikii."

Akayarudia maneno yake yote huku jasho likimtiririka. Shangazi, siku hiyo nililala usingizi mtamu!

Juzi akanyoosha mkono mwenyewe. Mashine yake inavuja. Wote wakanigeukia, wakingoja nimrushie yale maneno yake. Yalinifika ulimini, nikayameza. Nikaizima mashine, nikamwita fundi, akabadilisha mpira wa kuzuia mvuke, tukawasha tena kabla chai haijapoa. Ndipo nikamsogelea, nikamwambia taratibu, "Umeona ilivyokuwa rahisi?"

Aliketi juu ya rundo la mashuka, akaficha uso. Mimi sijamsamehe. Mama Pacha alimtazama mpaka akashiba, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Nisalimie binamu fundi seremala na mkewe, na umwambie Bibi Miwani asiulize tena nitaolewa lini. Mungu akulinde, akupe miguu ya kunitembelea.

Akupendaye daima, yule uliyemlea na kumwita
Kisirani