Maziwa Hayaoshi Moshi

Jumatatu, 4 Machi

Sasa naweza kuandika. Asubuhi mume wangu, Baba Pacha, alinyanyua kikombe, chai yote ikamwagikia shatini. Nikataka kumcheka — nikaona mdomo umekwenda upande. Akasema kitu, hakikueleweka. Nilijua hapohapo. Shemeji yangu, kaka yake, alianza hivyohivyo. Jirani mwenye gari katukimbiza hospitali, mimi nimeushika ule mkono uliolegea, namwambia usinifanyie hivi.

Tukiwa bado kwenye foleni mdomo ukarudi. Neno lake la kwanza: mbona nimevaa blauzi kinyume? Nimelia kwa furaha mbele za watu, bila aibu. Wamemlaza.

Jumanne, 5 Machi

Picha ya kichwa imetoka safi! Daktari, binti ambaye ningeweza kumzaa, kasema kilikuwa kiharusi kidogo, kimepita chenyewe, lakini ni onyo. Akauliza kazi. Baba Pacha akajibu kwa maringo: tanuri la kuyeyusha vyuma chakavu, tangu kabla hatujaoana. Na moshi? Moshi haumpati, anakunywa maziwa yake kila jioni. Nami nikaitikia kwa kichwa, mke mwema! Kiwandani wote wanajua hivyo, maziwa huosha kifua. Wanagawiwa pakiti getini wakitoka. Atakayekosa pakiti atagomba. Kwa moshi hakuna anayegomba.

Daktari hakucheka. Kasema maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda mapafuni, na hauishii hapo. Chembe zake nyingine ni ndogo mno, zinapenya hadi kwenye damu, na mwaka baada ya mwaka zinachakaza mishipa ya moyo na ya kichwa. Presha nayo iko juu, hatukuwa na habari.

Nimekaa nikiwaza. Shemeji, mwenzake wa tanuri, alipofariki tulisema moyo umeshindwa kwa ugomvi wa kiwanja. Fundi mkuu wa tanuri, aliyemtangulia kaburini, alipoanguka na kiharusi, tukamsingizia mkewe, eti ana mdomo. Maskini mama wa watu. Tumezika wawili wa tanuri moja na hakuna aliyeinua macho kuitazama dohani inayotema moshi.

Alhamisi, 7 Machi

Tumerudi nyumbani. Anatembea, anafunga vifungo mwenyewe, analalamika mboga haina chumvi. Mzima huyo! Nimekaa kwenye cherehani nikashona sketi ya shule, mifuko ikatazama ndani. Sijali.

Ila kiwandani kawaambia ana homa. Nikamuuliza homa gani hiyo. Kasema wakijua ni kiharusi watamwona kwisha kazi. Na mimi nisitie mguu, mambo ya tanuri ni yake. Nimerudi kwenye cherehani. Kunyamaza kwangu nako kuna mwisho.

Jumapili, 10 Machi

Wifi alikuja, dada yake mkubwa, asiye na breki. Kamkumbusha masharti ya daktari: vidonge kila siku, na akae mbali na ule moshi. Kwenye stoo ya vipuri kuna nafasi, ng'ambo kabisa ya kiwanda. Baba Pacha kasema stoo ni ya wazee wa kuhesabu nati.

Wifi hakupandisha sauti. "Kaka yetu hakuhesabu nati. Leo tunapalilia kaburi lake."

Baba Pacha akatoka kwenda kurekebisha bomba ambalo halivuji. Karudi macho mekundu, kasema vumbi. "Vumbi," wifi akarudia, na wote watatu tukacheka hadi mbavu zikauma. Stoo hakuitaja tena, wala hakuikataa.

Alhamisi, 14 Machi

Presha imeshuka. Muuguzi kapima, kapima tena, katabasamu. Nimetoka pale mwepesi, kama niliyetua mzigo wa kuni. Nitalala leo. Siku zote hizi sikio langu moja lilikuwa kwenye pumzi zake.

Jumatatu, 18 Machi

Naandika jikoni. Msimamizi wa tanuri yuko sebuleni, kaja bila taarifa. Ukuta ni wa mbao, nasikia yote. Kasema chuma kinatoka na matundu, vijana hawajui kuusoma moto. Homa gani hii isiyoisha, ndugu yangu? Tanuri bila wewe ni yatima. Kesho urudi.

Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, na mume wangu anapenda kusifiwa. Anacheka kidogo. Naogopa kicheko hicho. Kataa, Baba Pacha. Kataa.

Kicheko kinakatika.

"Haikuwa homa," kasema Baba Pacha.

Sasa ananiita! "Mama Pacha, njoo ukae hapa. Mweleze msimamizi alichosema daktari. Chote. Mimi nikieleza nitapunguza."

Msimamizi anasema hakuna haja ya kumsumbua mama.

"Ipo," anajibu mume wangu. Kiti kinavutwa sakafuni, ananitengea nafasi. Naenda.