Kabari Mbili Chini ya Gari la Baba

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu kutoka karakana yetu. Mama hajambo. Paka amezaa ndani ya tairi la akiba, nami nimekatazwa kulisogeza.

Tangu ulipoliinua gari la Baba kwa springi ndefu ili lisikwame mtoni, likaanza kutetemeka kila lishikapo kasi, mkagombana ukaondoka bila kuaga, Baba hakulipanda tena. Kila mteja aliambiwa, "Mwanangu amelivisha viatu virefu, sasa haliwezi kukimbia."

Juma lililopita nililala chini yake nikalichunguza. Springi ulizoweka ni imara, wala kazi yako haina aibu. Ila gari lilipopanda juu, propela inayotoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma iliinama mno, na difu iliyo katikati ya ekseli hiyo haikugeuzwa ielekee giaboksi. Hapo ndipo mtetemo ulipozaliwa. Nikachonga kabari mbili za chuma, nikazipachika kati ya springi na ekseli, difu ikainua uso.

Baba alikataa kupanda, kisha akapanda "kusindikiza tu." Tulipokamata kasi kwenye lami alikuwa ameung'ang'ania mlango, taratibu mkono wake ukalegea. Tukauvuka mto bila kukwama. Tulipofika nyumbani akafungua mlango, akatazama umbali wa kushuka, akasema:

"Gari limekuwa refu, na magoti yangu unayajua. Mwambie kaka yako aje awe ananishika mkono."

Sikuongeza neno wala kupunguza.

Ni mimi dada yako, mwenye grisi hadi viwikoni.