Msamaha Niliokupa Mbele ya Watu

Iroquois, Louisville
Novemba 9

Mdogo wangu Revokatus,

Amani ya Bwana iwe nanyi. Natumaini wewe, Florida na watoto mko salama huko Buffalo, na kwamba goti lako limepoa. Mimi ni mzima, kiwandani tunapanga maboksi kama kawaida.

Jana nilipokea kutoka Columbus insha ya mwisho ya mwanangu Adriano. Mwalimu wake ameituma. Unakumbuka alivyokuwa akinisomea insha zake kwa simu kila Jumapili, huku akitafuna karanga? Alinieleza kwamba wanahistoria wa zamani walisema tabia ya Wamarekani ilizaliwa pale makazi yalipoishia na pori kuanza, kwamba huko mtu alijifunza kujitegemea na kutomlilia yeyote. Nilifurahi. Nikamwambia huyo ni baba yetu kabisa, aliyepewa shoka na msitu kule kambi ya wakimbizi ya Mishamo akatulea.

Adriano alicheka, akasema mama unashangilia walioshindwa hoja. Wa siku hizi wanasema pori lile lilikuwa na wenyewe, wakafukuzwa kwa bunduki. Na hao walowezi wajasiri walipewa ardhi na serikali, wakajengeana nyumba. Akaongeza kwamba hata babu alikula mahindi ya msaada. Nilimkatia simu.

Januari mgongo ulimshinda kule ghalani alikokuwa akibeba mizigo, akaachishwa kazi. Alikupigia, ukamwambia aje kwako, kitanda kipo. Theluji ikamuua akiwa njiani kuja kwako.

Usilolijua ni hili. Alinipigia mimi kwanza, asubuhi ileile, akiomba kurudi nyumbani mpaka apone. Nilimjibu kwamba babu yake hakurudi nyuma, na kwamba mlango huu haufunguliwi wavivu. Akasema sawa mama, kwa upole wake ule. Barabara ya kuja Louisville siku hiyo ilikuwa kavu.

Siku ya kuondoa matanga ulipiga magoti mbele ya jumuiya nzima, ukaniomba radhi kwa kumwita wakati wa theluji. Nilikuinua, nikatamka kwamba nimekusamehe. Watu walilia, wakanisifu moyo. Nikala chakula cha siku ile, nikashiba.

Msamaha ule haukuwa wangu kuutoa. Wako siuombi.

Nisalimie watoto, kila mmoja kwa jina lake. Florida aliniambia bado hujakikunja kitanda ulichomtandikia Adriano. Kikunje, ndugu yangu.

Dada yako,
Veridiana