Sahani za meza yetu, Momela

Mama, shikamoo. Huo mlima kwenye picha ya kadi hii ni Meru, ila sisi tangu tufike tumeona ukungu tu, na baridi imempasua kichanga wangu Baraka midomo.

Hoteli hii aliyotulipia bosi wa mume wangu Daudi, kila chumba kina meza yake na mhudumu wake, na tipu ya meza ni ya mhudumu huyo peke yake. Wetu alikuwa Elineema, Mmeru wa hapahapa, ana mtoto mchanga kama mimi. Jana mchana alikuwa hoi, nikamhurumia. Tulipomaliza kula nikakusanya sahani, nikazipeleka jikoni mwenyewe, kama nifanyavyo kwako.

Akanikimbilia. "Dada, niachie! Ukibeba wewe, mimi naonekana sina kazi."

Msimamizi alishaona. "Mgeni anabeba vyombo, wewe uko wapi?" Nikamwambia kosa ni langu, amwache. Akatabasamu: "Wewe pumzika tu dada, hayo tuachie sisi."

Leo chai tumeletewa na mwingine. Elineema wamempeleka nyuma kuosha masufuria, na huko tipu haifiki. Nikamfuata nimpe ya kwetu. Akakataa kuipokea, mikono imejaa povu. "Dada, ukionekana tena huku, watanifukuza kabisa."

Basi nimerudi mezani nimekaa, nawaangalia wakitutolea sahani.

Nibusie Rehema wangu. Na mama, akishakula, sahani yake aitoe mwenyewe, usimsaidie. Hapo sibadiliki.

Mwanao anayekupenda,
Mama Rehema