Siku Nilipomwambia Chifu Kwamba Umeshaolewa

Kadzo mwanangu, kipande cha roho yangu,

Umevaa soksi? Najua wacheka, mtu mzima mwenye kazi yake anaulizwa soksi, lakini jibu kwanza ndipo uendelee kusoma.

Sisi hapa Matsangoni tuko wazima. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha. Cheti chako cha kuruhusiwa kuolewa kilishatoka Nairobi, na wewe mwenyewe umeniambia kimekufikia mkononi na mtafsiri ameshakipiga muhuri. Ijumaa wewe na Jonas mtaketi mbele ya karani wa ndoa wa huko Ujerumani, muandikwe kwenye kitabu chao. Hayo yote tumeongea kwa simu. Lakini kuna jambo sikukwambia. Shughuli hii nusura niivunje mimi mamako, kwa mdomo wangu huu huu. Ulipouliza mbona barua ya chifu imechelewa siku nne, nikakujibu kulikuwa na foleni. Hakukuwa na foleni, mwanangu. Nilikuwa peke yangu kwenye benchi.

Kwa simu siwezi kukueleza, maana nitaanza kulia kisha nicheke, na wewe utasema, "Mama, niko kazini kwenye nyumba ya wazee, mzee wangu angoja kuogeshwa." Kwa hivyo nimekaa na daftari. Nitapiga picha kurasa zote nikutumie. Na wakisoma kina mama wengine wenye watoto ng'ambo, na wasome, wasije wakafanya kama mimi.

Wakumbuka ulivyonifundisha saini? Ulikuwa darasa la sita, mimi niliachia la tatu. Ripoti ya shule ilitaka saini ya mzazi, nami nikaandika jina langu lote, herufi moja moja, kama mtu apandaye mahindi. Ukaitazama ukasema, "Mama, saini si kuandika jina. Saini ni kuandika haraka haraka kama mtu mwenye shughuli." Tukafanya mazoezi nyuma ya karatasi ya hesabu mpaka ikajaa. Babako alikuwa hai bado. Akapita, akauliza, "Huyu nani mwenye shughuli nyingi hivi nyumbani kwangu?" Ulicheka ukaanguka kwenye rundo la makuti.

Makuti yamenikumbusha Jonas. Mwaka jana alipokuja kujitambulisha, siku ya pili tu aliketi na sisi wanawake akataka ashone makuti kama sisi. Mikono ya mwokaji, ya kukanda mikate, ile, mikubwa lakini ina upole. Kuti aliloshona bado ninalo. Nimeliezeka kwenye banda la kuku, na mvua inapita hapo hapo tu. Siku ile ndipo nilipompenda, kwa sababu alilitazama kuti lake, akatazama langu, akasema kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, "Mama, hili langu ni la kuku." Akajihukumu mwenyewe.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya kunywa mnazi, tembo la kuolea kwa mila yetu. Majirani walikuwa wamemwelekeza vizuri, akaleta vibuyu viwili. Wazee wakapewa, wakanywa. Jonas akanywa yake, uso ukakunjamana kama aliyeng'ata ndimu, watu wakapiga vigelegele. Ikafika zamu ya mjomba wako Karisa, ndugu yangu, ambaye tangu babako atutoke ndiye aketiye mahali pake. Akaipokea kata. Akamwaga mnazi chini polepole, akaifunika ile kata juu ya mkeka.

"Kijana ni mzuri," akasema. "Lakini ni nani anayemsemea? Mtu haji kwa watu akajisemea mwenyewe."

Ukamtafsiria Jonas. Jonas akajibu kwamba babake yuko mbali na magoti yake ni mabovu, hawezi kupanda ndege.

"Basi nitangoja magoti," akasema Karisa.

Ulilia nyuma ya jiko siku hiyo. Ukaniambia, "Mjomba hanipendi, mama. Angetaka nizeekee hapa." Ukaondoka kurudi Ujerumani bila kupita Kibarani kumuaga. Nami sikukulazimisha, maana hata mimi nilikuwa nimemkasirikia. Watu wakiniuliza nawaambia mnazi umenyweka, mtoto wangu ameolewa, Karisa na kata yake ni shauri lake. Kuanzia hapo Jonas nikamwita mkwe.

Sasa tazama ujinga wangu. Uliponipigia ukasema karani wa huko ataka kila kitu kwa sababu wewe ni mgeni, cheti cha kuzaliwa, barua ya chifu, kiapo cha mzazi kwamba hujaolewa, kisha Nairobi watoe cheti cha kuonyesha hakuna kizuizi, mimi nilisikia tu "barua ya chifu". Nikavaa gauni la kanisani, nikaenda.

"Mama, binti yako ana mume?" chifu akaniuliza huku akiandika.

"Anaye!" nikasema. Kwa furaha, Kadzo! Nikajiweka vizuri kwenye kiti. "Tena mume mzuri. Mnazi tumekunywa nyumbani kwangu, watu walijaa."

Kalamu ikasimama.

"Mama, wataka barua ya kusema nini?"

"Ya kusema hajaolewa."

"Na wewe waniambia ameolewa."

"Ameolewa na huyo huyo anayetaka kumuoa!"

Chifu akavua miwani. Akanieleza pole pole, kijana mwenye adabu, kwamba ndoa ya kimila ni ndoa, hata sheria yaitambua. Akiandika hujaolewa na mimi mzazi nasema umeolewa, yeye ataitwa mwongo. Akiandika umeolewa, cheti hakitatoka, na Wajerumani watataka kujua mume wa kwanza ni nani.

"Ni Jonas," nikasema.

"Na huyu wa pili?"

"Ni Jonas."

Mama mmoja aliyekuwa akifagia alitoka nje na ufagio wake, nikamsikia akichekea ukutani.

"Nenda nyumbani mkakubaliane," chifu akaniambia. "Ameolewa, au hajaolewa. Yote mawili siwezi kuyapigia muhuri."

Mwanangu, nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Ulikuwa umeshanieleza kwamba karatasi zisipofika kwa wakati nafasi yenu wanapewa wengine, na ninyi mtangoja mpaka mwaka mwingine. Na mimi ndiye niliyekufungia mlango. Siku tatu nikazunguka na jambo hilo. Nikafikiria nirudi tu nikaseme uongo. Nilijizoeza nikiwalisha kuku: "Hajaolewa. Hajaolewa." Kuku wakanitazama. Lakini baada ya barua ya chifu kuna kiapo, Kadzo, mbele ya wakili, na Mungu anatajwa. Nitawezaje kumtaja Mungu huku najua mnazi niliukung'uta mimi mwenyewe kutoka vibuyuni?

Siku ya nne nikaenda Kibarani kwa Karisa. Sikwenda kuomba msaada. Nilikwenda kumgombeza, maana nilihitaji mtu wa kugombeza. Nilimkuta karakanani kwake, randa mkononi, apiga randa mbao za mlango. Nikamwaga yote. Alisikiliza mpaka nikafika kwa "na huyu wa pili ni Jonas". Hapo akaiweka randa chini, akacheka mpaka akakaa kwenye vumbi la mbao.

"Dada," akasema, "mtoto hajaolewa."

"Usinichezee, Karisa. Mnazi ulinyweka."

"Mlikunywa ninyi. Mimi nilifunika. Aliyekaa mahali pa baba asiponywa, hapo hapana ndoa, pana wageni waliokaribishwa kinywaji. Kwani umesahau mila za kwenu?"

Nilikuwa nimesahau. Kwa hasira nilikuwa nimeihesabu kata yake kama haipo.

"Kumbe ulifanya makusudi?" nikamuuliza.

"Mambo ya vyeti mimi nitayajulia wapi?" Akafuta macho kwa kiwiko. "Nilitaka babake aje tumwone, basi. Mtoto wetu anakwenda mbali, dada. Siku akilia kule, nitampigia simu nani? Namjua nani?"

Kadzo, mwaka mzima tulimkasirikia mtu kwa neno hilo.

Kesho yake alikuja asubuhi na shati lake la mikono mirefu, ameshika kitu kimefungwa kwenye leso. Mbele ya chifu akakifungua. Ilikuwa ile kata! Alikuwa ameondoka nayo siku ile. Akaiweka juu ya meza, imefunikwa vile vile.

"Mimi ni mjomba wa msichana. Hii haijafunuliwa," akasema.

Chifu naye ni mtoto wa huku huku. Aliitazama kata, akanitazama mimi. "Mama, mbona hukusema mjomba hakunywa? Ungesema hilo kwanza, ungerudi na barua siku ile ile." Akaandika, akapiga muhuri, na yule mama mwenye ufagio akaja mlangoni kunipongeza kama niliyejifungua.

Kilifi kwa wakili haikuchukua muda. Ni msichana kama wewe, alinisomea kiapo chote kwa Kiswahili, neno kwa neno, nami nikaapa bila moyo kutetemeka, maana nilikuwa nasema kweli tupu. Kisha akanisogezea kile kibweta cha wino, nipige kidole gumba.

Nikamwambia, "Nipe kalamu, mwanangu."

Nikaandika haraka haraka, kama mtu mwenye shughuli. Karisa akatoa shingo kutazama, akasema, "Ala! Dada yangu ni waziri."

Basi hiyo ndiyo foleni niliyokwambia.

Sitakudanganya, bado nina wasiwasi. Nawaza utavaa nini, nani atakufunga leso, nani atapiga vigelegele huko ambako watu hawapendi kelele. Jonas aliniambia wakitoka kwa karani wanakunywa kahawa na keki aliyoipika yeye. Sawa. Lakini piga kigelegele kimoja wewe mwenyewe, hata kidogo, wakustaajabu. Sisi tutapiga hapa saa hiyo hiyo. Nimeshamuuliza Jonas saa, nimezihesabu kwa vidole mara mbili, na majirani wako tayari.

Ila kabla ya Ijumaa mpigie mjomba wako. Usimwambie pole wala nini, mpigie tu umsalimie, yeye ataelewa. Na umwombe Jonas amsalimie kwa ile "shikamoo mjomba" yake, ambayo inatoka kama anapiga chafya.

Karani akikuuliza kama kuna kizuizi, jibu kwa sauti. Tumekwishaapa huku. Mkishaandikwa, mje mtumalizie ya hapa. Jonas alete mtu wa kumsemea. Babake asipoweza, Karisa anasema atapokea hata mmoja wa wale wazee unaowaogesha, bora awe na mdomo. Kata imewekwa juu ya kabati langu, imefunikwa, na kila nikipangusa vumbi napangusa kwa kuizunguka.

Lakini muulize mkwe magoti ya babake yaendeleaje. Mjomba wako ana kiu mwaka mzima sasa.

Nakubusu mashavu yote mawili, na soksi zako.

Mimi mamako aliyekuapia,
Mekadzo